Mafuta ya Daktari na Mwanya wa Cucu

Nianze kwa kukiri kwamba mimi sikuwa daktari wa meno. Kuna watu Nyeri mpaka leo wananiita daktari njiani, na mimi huitika, maana kumsahihisha mtu mbele ya duka la viatu ni kazi bure. Nilikuwa msaidizi. Nilichemsha vyombo, nilishika taa, nilishika kichwa cha mgonjwa kilipotaka kutoroka, na nilifunga mlango ili waliokuwa nje wasisikie sana. Ilikuwa miaka ya tisini, na kliniki yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Mara kwa mara mkulima alipanda ngazi na shida ya mtamba wake, akaketi kwenye foleni nusu saa nzima kabla ya kugundua kwamba wenzake wote wameshika mashavu.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kutoka mbali. Alisoma ng'ambo, akarudi na koti zito na mapenzi makubwa ya vitu vipya. Kikikuyu hakukijua, kwa hiyo kutafsiri ilikuwa kazi yangu pia, na nitasema wazi kwamba niliipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee iliyonipa nafasi ya kupiga domo. Pamoja na upole wake, mjini alijulikana kwa kung'oa. Halikuwa kosa lake. Watu walikuja kwake jino likiwa limeoza mpaka mzizi, wamekwisha kujaribu karafuu, chumvi, maombi na mafuta ya taa. Afanye nini? Alikuwa akiniambia, "Nimesoma miaka yote hiyo kuokoa meno, na hapa nimekuwa mtu wa kuvuna viazi."

Basi siku moja akaja kazini anatembea upesi, na katoni ndogo kwapani. Rafiki aliyesoma naye alikuwa amemtumia. Ndani mlikuwa na vibomba vya plastiki, vidogo kuliko kidole changu cha mwisho, vyenye mdomo butu, na ndani ya kila kibomba kitu cheupe cheupe, kizito.

"Dawa ya kuua vijidudu vya fizi," alisema. "Lakini imebebwa na mafuta."

"Mafuta? Ya kupikia?"

"Ya aina yake. Lete kisahani na maji ya uvuguvugu."

Nilileta. Alikifinya kibomba kimoja, tone likaanguka majini, na mimi nikasubiri lielee kama mafuta yote ya ulimwengu yanavyoelea. Halikuelea. Lilikaa pale chini likaanza kukaza, na baada ya muda daktari akalichokoa kwa kijiti, likawa gumu kama ugali wa jana. Nilikasirika kidogo. Sipendi kitu nilichokijua tangu utotoni kigeuke mbele ya macho yangu.

"Mafuta haya hayagombani na maji," daktari alisema. "Yakikutana nayo yanajipanga. Yanajenga vyumba. Ukuta wa mafuta, ndani maji, ukuta wa mafuta, ndani maji, vyumba vidogo ambavyo hata darubini ya hospitali haivioni. Dawa inakaa humo, inatoka polepole. Wenyewe wanaiita fuwele ya majimaji. Si maji, si jiwe."

Akaendelea kunieleza, na macho yake yaling'aa, kwamba dawa ya kawaida ukiiweka kwenye fizi huoshwa na mate kabla mgonjwa hajafika stendi. Hii huingia ikiwa laini, mate huigusa, inakaza, inakaa papo hapo. Tena alikuwa amesoma kwamba huko ng'ambo kuna watu wanayavunjavunja mafuta ya namna hii yawe chembe ndogo kupita vumbi, ziweze kusafiri ndani ya damu na kubeba dawa hadi mahali penye ugonjwa.

"Na zikifika zinapiga hodi?" niliuliza.

Daktari alifikiri kwanza, kisha akajibu, "Kwa namna fulani, ndiyo." Ndivyo alivyokuwa. Ukimtania anakujibu.

Sasa niwaeleze kuhusu Cucu, mama yake mama yangu, aliyekaa Tetu kwenye shamba la chai na ng'ombe wawili. Kwetu msichana wa pili huitwa jina la nyanya wa upande wa mama, na mimi nilikuwa wa pili, kwa hiyo jina lake ndilo langu. Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani hilo ni jambo la cheti cha kuzaliwa tu. Sivyo. Kwa Cucu, mimi nilikuwa yeye. Nikiingia uani angeniangalia juu hadi chini na kusema, "Mimi nimekonda. Huko mjini sili?" Nikiwa na mafua, aliwaambia majirani kwamba anaumwa. Mara moja nilifeli mtihani, akakaa wiki nzima bila kwenda kanisani kwa aibu.

Kitu kimoja tu hakikushuka pamoja na jina. Cucu alikuwa na mwanya, ule wa mbele juu, nafasi safi kati ya meno mawili meupe, na huo mwanya ulikuwa na sifa Tetu nzima. Babu, alipokuwa hai, alisimulia kwamba aliuona mara ya kwanza kwenye kiwanda cha kahawa, huyu msichana akicheka na wenzake, naye akaondoka akasahau kufikisha mbuni zake kwenye mizani. Mimi meno yangu yamebanana kama watu wa foleni ya sukari. Cucu aliwalaumu watu wa baba yangu kwa hilo, na hakuwahi kuwasamehe.

Jumapili moja, mwanzoni mwa ile baridi ya Julai, nilienda kumwona. Mjomba wangu alisimulia kisa chake cha mhubiri na ndama, kisa ambacho Cucu alikisikia kila mwezi na kila mwezi alikicheka mpaka akalia. Siku hiyo alitabasamu kwa midomo iliyofungwa, akavuta leso mpaka puani. Nilimfuata jikoni.

"Cucu, fungua mdomo."

"Mdomo wangu una nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Alifungua, kwa hasira. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, na nilipoyagusa yale meno mawili ya mbele kwa ncha ya kidole yalicheza yote mawili. La kushoto lilicheza zaidi. Kwingine kote kinywani alikuwa mzima. Ni yale mawili tu, kana kwamba ugonjwa uliambiwa uende pale penye sifa. Akaniambia kwamba kwa miezi miwili amekuwa akila nduma zilizopondwa na uji, na kwamba mahindi ya kuchoma anawapa kuku.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi nafanya kazi kwa daktari wa meno!"

"Ndiyo sababu," alisema. "Huyo wako anang'oa." Kisha akaweka kuni, na bila kuniangalia akasema, "Haya yakitoka, mimi ni nani? Nitakuwa mzee fulani tu, kama wazee wengine."

Niliumia. Nikamwahidi papo hapo kwamba hayatatoka, yote mawili, kwamba daktari ana dawa mpya, mafuta yanayojenga nyumba ndani ya fizi. Niliahidi kama mtu aliyeyatengeneza yeye mwenyewe. Alinikubalia, kwa sharti kwamba koleo isiwe chumba kimoja naye.

Alikuja kliniki Jumanne, sweta mbili, leso, kofia ya sufu juu ya kilemba. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati, hata jengo la ng'ambo ya barabara halikuonekana. Jambo la kwanza aliomba kuiona koleo. Akaiona. Akaagiza itolewe. Daktari, mtu mpole, akaibeba mwenyewe mpaka chumba cha kungojea na kuiweka juu ya meza ya magazeti, na wagonjwa wawili wakasimama wakaenda zao.

Alimsafisha kwanza, akakwangua ugaga chini ya fizi, kazi ndefu ambayo Cucu aliivumilia huku kucha zake zikiwa ndani ya mkono wangu. Kisha akachukua kibomba, akakifinya. Hakikutoa kitu. Akakifinya tena. Baridi ya Nyeri ilikuwa imeingia kabatini usiku kucha na mafuta yalikuwa yameshika ndani kama nta. Daktari alikaza mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Mimi nilimnyang'anya nikajaribu, nikashindwa, nikakitukana kwa Kikikuyu.

"Ni mafuta?" Cucu aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Ni mafuta, Cucu."

"Basi kwa nini mnayapiga? Lete hapa."

Akakichukua kibomba, akapitisha mkono chini ya sweta mbili, akakiweka kifuani, akafumba macho kama aliye kanisani. Kwetu kila mwanamke wa rika lake alikuwa na chupa ya mafuta ya kondoo. Yalikuwa dawa ya kifua, dawa ya masikio, ya mtoto mchanga, ya kila kitu, na wakati wa baridi chupa ilikaa kifuani ili mafuta yasigande, maana mafuta yaliyoganda hayanyweki na hayaponyi. Hiyo ilikuwa elimu ya nyumba nzima. Baada ya dakika chache alikitoa kibomba, na kilipofinywa, dawa ilitoka kama asali. Daktari alifurahi mpaka akaandika kwenye daftari lake. Mimi nilivimba kichwa kana kwamba ni mimi.

Daktari alimpaka ndani ya fizi, kibomba hicho jino la kushoto, na kingine kilichopitia kifuani vilevile jino la kulia, akasema arudi baada ya wiki kupakwa tena. Kisha akanigeukia. "Mweleze vizuri. Kwa saa mbili asile wala asinywe. Asipige mswaki upande huo. Na dawa aiache ilivyo."

Nilimweleza. Jamani, nilimweleza! Nilimpa vyumba, nikampa kuta, nikampa dawa iliyopanga kama mpangaji na kutoka mlangoni polepole. Nilimpa hata zile chembe zinazopiga hodi kwenye damu. Cucu aliitikia kwa kichwa kila niliposhusha pumzi, akiniangalia kwa mapenzi, na nilijiona mwalimu wa chuo kikuu. Saa mbili za kutokula nilizitaja. Mswaki niliutaja. "Aiache ilivyo" niliitaja pia, katikati ya mengine mengi. Kitu kimoja hakikunitoka mdomoni, kwa sababu kwangu kilikuwa wazi kama mchana: kwamba dawa ile itakuwa ngumu, na kwamba kuwa ngumu ndiyo kazi yake.

Alipoondoka nilibaki na mawazo ya kisasa. Kama vibomba vinaganda kwa baridi, na Cucu hawezi kukaa kliniki kila siku na kifua chake, suluhisho liko wapi? Niliangalia chombo chetu cha kuchemshia vifaa, kinachotoa joto zuri juu kutwa nzima. Nikaichukua katoni yote nikaiweka pale juu. Nilikuwa nimefurahi sana na akili yangu, hata daktari sikumwambia, nilitaka aje aone mwenyewe vinavyofinyika.

Siku ya tatu alikuja mfanyabiashara mmoja wa Karatina mwenye fizi mbaya. Nilikichukua kibomba, kilikuwa moto mkononi. Nikakifinya kidogo kwenye pamba kujaribu. Yalitoka mafuta matupu, ya manjano, yenye harufu ya karai la maandazi la mwezi uliopita. Dawa yenyewe ilikuwa imezama chini kama machicha na kushikamana. Nikafungua kingine. Vilevile. Nikafungua vyote, na hakuna hata kimoja kilichobaki kizima.

Sasa mngefanya nini? Mimi nilidanganya. Nilimpelekea daktari kimoja kilichopoa, nikasema naona katoni imeharibika, labda ni safari ndefu. Alikishika kwenye taa, akakigeuzageuza, akaguna. "Safari imevichosha," akasema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Kisha akapapasa mfuko wa koti lake zito, uso ukachangamka kidogo, akatoa kibomba kimoja alichokuwa akitembea nacho kuwaonyesha wenzake. "Kimebaki hiki," alisema. "Hiki ni cha Cucu."

Siku zilizobakia za wiki ile sikulala vizuri, lakini nilijipa moyo. Dawa ya kwanza ilikuwa imeingia vizuri, niliiona kwa macho yangu. Hiki kimoja kingemaliza kazi. Mwanya ungebaki, na habari ya katoni ingekufa na mimi.

Cucu alirudi Jumanne iliyofuata akiwa na furaha. Alipanda ngazi bila kushikwa. Aliketi, akaiangalia meza kuhakikisha koleo haipo, akafungua mdomo kwa fahari. Daktari aliinama na taa. Aliangalia kwa muda mrefu. Akaligusa jino la kulia, likacheza kama zamani. Akaligusa la kushoto, na hapo nilihitaji kutazama pembeni.

"Sielewi," alisema. "Ni kama hatukuweka kitu. Muulize kama alikula."

"Hata chai sikunywa," Cucu alijibu.

"Mswaki?"

"Sikuugusa. Muambie daktari asiwe na wasiwasi, nilimsaidia sana. Sikuiacha igande."

"Cucu, hukuiacha nini?"

Akatueleza, na kila neno alilisema kama mtu anayesubiri pongezi. Alipofika nyumbani siku ile, ulimi wake uliigusa dawa nyuma ya meno, akakuta imeanza kukaza. Baridi, alijua mara moja. Mafuta yameganda kabla ya kufanya kazi. Basi akakaa jikoni, karibu na moto kabisa, akachukua maji ya moto kwenye chupa ya chai, anaweka mdomoni bila kumeza, anashikilia, anatema, anaweka mengine. Saa mbili za kutokunywa alizishika, hakumeza tone. Jioni bado ilikuwa ngumu. "Ilikuwa na kichwa ngumu, ile dawa!" Kesho yake akaamka mapema akaanza tena. Aliungua ulimi. Mwishowe, vipande vilivyokataa kuyeyuka, alivisukuma kwa kijiti mpaka vikatoka vyote. "Sikupiga mswaki, kijiti si mswaki. Nimeishinda," alisema, na akatabasamu, mwanya wote nje.

Nilimtafsiria daktari. Sauti yangu ilikuwa haifiki mwisho wa sentensi. Alivua miwani yake.

"Ulimwambia inatakiwa kukaza?"

"Nilimwambia vyumba."

"Vyumba, sawa. Kukaza je?"

Nilikuwa na hasira zinazotafuta mtu wa kumwangukia, na chumba kile kilikuwa na watu watatu, na kila nilipowahesabu nilijikuta mimi.

Daktari alivuta kigoda, akaketi karibu na Cucu, na akaongea naye kwa Kiswahili taratibu, ingawa Kiswahili cha Cucu kilikuwa cha sokoni, cha bei na kilo. Alimwambia kwamba jino la kushoto limekwenda mbali. Kwamba la kulia linaweza kuokolewa. Kwamba iko dawa ya jino moja tu. Angeweza kujaribu kuigawa nusu kwa nusu, lakini nusu haingetosha lolote kati yao, na huenda yote mawili yakaondoka kabla ya Krismasi.

Cucu alinigeukia nimtafsirie kwa Kikikuyu, nikamtafsiria.

"Mwanya wa jino moja," alisema baadaye, "ni mwanya wa wapi?"

Daktari aliivaa tena miwani yake.

"Haya," akasema, "chagua wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Nani mwingine hapa ana jina langu? Ukichagua wewe, nimechagua mimi. Sitalaumu mtu."

Hapo ndipo niliposhindwa. Ningeweza kuubeba uongo wangu mbele ya daktari miaka kumi, lakini kuketi pale nichague jino la Cucu, naye ananiamini namna ile, na mimi ndiye niliyeipika dawa nzima ya kuyaokoa yote mawili! Nililia kama mtoto. Nikasema yote, Kikikuyu na Kiswahili kikichanganyika, kwamba katoni haikuharibiwa na safari, kwamba niliiweka mimi juu ya chombo cha moto siku tatu, kwamba kungekuwa na dawa ya meno haya na ya watu wengine wa Nyeri, na kwamba nilidanganya.

Daktari alisimama akaenda dirishani, akatupa mgongo. Cucu aliniangalia.

"Uliziweka kwenye moto?"

"Juu ya moto."

"Ili zisigande?"

"Ili zisigande, Cucu."

Alianza polepole, mabega kwanza. Kisha akacheka, kile kicheko cha mhubiri na ndama, kichwa nyuma kwenye kiti cha daktari, leso imeanguka sakafuni, machozi yanamtoka, na yale meno mawili yanatingishika mbele yetu bila aibu. "Yeye ameyapika huku," alisema, akimwambia daktari ambaye hakuelewa neno, "na mimi nimeyapika kule! Dawa ya watu! Imetoka ng'ambo kuja kupikwa na sisi!" Nilijaribu kubaki na huzuni yangu lakini haikuwezekana. Tulicheka mpaka mtu wa chumba cha kungojea akachungulia mlangoni. Daktari naye alipogeuka, mdomo wake ulikuwa umeanza kumsaliti. Kuhusu uongo wangu alisema tu, "Tutaongea," na hatukuongea kamwe. Kesho yake nilikuta amebandika karatasi juu ya kile chombo: hapa pasiwekwe kitu.

Cucu alipokwisha kujifuta machozi aliuliza ni lipi lenye nguvu zaidi. La kulia, nikamwambia. "Basi dawa iwekwe hilo," alisema. "Na muambie akalete ile koleo yake, ameificha vya kutosha."

Baada ya sindano ya ganzi, la kushoto lilitoka kwa urahisi wa kutisha. Lilikuwa limeshikwa na mazoea tu. Daktari aliziba pale kwa pamba, tukasubiri damu ikauke, na wakati wote huo kibomba cha mwisho kilikuwa kifuani kwa Cucu kikipata joto. Dawa yake ilipopakwa nilipiga magoti mbele yake nikamwambia maneno machache sana. "Itakuwa ngumu, Cucu. Ndiyo dawa yenyewe. Ikiwa ngumu, iache." Aliitika kwa kichwa. Na niseme mapema ili msibaki na wasiwasi: aliiacha, fizi ikatulia, na jino la kulia likarudi kusimama. Miezi mitatu baadaye nilimkuta akilitumia kwenye hindi la kuchoma, pembeni, kwa ujanja.

Lakini siku ile, kabla hajashuka kitini, aliomba kioo. Nilikiogopa kioo kile kuliko koleo. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, kwamba umri ni umri, kwamba leso ni nzuri, kwamba sisi tunampenda. Nikakishika mbele yake. Akafungua mdomo kidogo, akaangalia lile pengo, jino moja upande mmoja. Akafunga. Akafungua tena. Akakigusa kioo kwa kidole, si mdomo wake, kioo.

"Huyu ni mama," alisema.

Nilidhani amechanganyikiwa kwa ile sindano ya ganzi.

"Mama yangu. Alikuwa na pengo hapa hapa. Alikufa sijaolewa." Hakuondoa macho. "Hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha. Nimekaa miaka yote hii namtafuta uso wake, najua mikono yake, najua anavyoita kuku, uso hauji. Nilikuwa nimeusahau. Nilikuwa naona aibu kumwambia mtu kwamba nimemsahau mama."

Daktari aliniuliza kwa sauti ya chini amesema nini. Nilimwambia. Mtu aligonga mlango akitaka kujua foleni inaendaje, na daktari, ambaye hajawahi kumfokea mtu, akamjibu kwamba leo haiendi.

Cucu alinyoosha kilemba chake, akasogea karibu na kioo, akamsalimia kwa ile salamu ya zamani ya binti kwa mama yake, ambayo siku hizi hakuna anayeitumia. Akasubiri kidogo, kisha akaanza kumpa habari za nyumbani. Nilimshikia kioo mpaka mkono ukachoka, nikabadilisha mkono.